Kibao cha Saa Kumi

Chumba namba sita,
Nyumba ya wageni ya Mama Funguo,
Ufukweni.

Jumapili, tarehe 14 Agosti, baada ya chai ya asubuhi.

Mpendwa mdogo wangu,

Hujambo wewe? Wifi yangu hajambo? Na wanangu wawili hawajambo? Yule mdogo lile jino lake la mbele limeshaota, au bado anatabasamu kwa dirisha? Na wewe kifua kimekuachia? Mara ya mwisho kwenye simu ulikohoa kama pikipiki iliyokataa kuwaka, nikakaa wiki nzima nakuombea. Vaa soksi. Najua una miaka arobaini na sita, lakini vaa soksi.

Sisi ni wazima. Mimi magoti yananinung'unikia, lakini msusi anayesimama kutwa nzima nyuma ya vichwa vya watu alitegemea nini? Mpwa wako ana miaka kumi na moja sasa na mdomo wake hauna breki. Baba pia yupo, anakula vizuri, mikono tu ndiyo inatetemeka. Nitakuja kwa Baba. Usiikunje barua.

Maana najua utajiuliza kwa nini leo nimeandika kwenye karatasi wakati simu ninayo. Kwenye simu, kila nikimtaja Baba, mtandao wako huharibika ghafla. Barua haikatiki. Tena tazama hapo juu nilivyokuita. Lile jina letu la nyumbani sikuliandika, na ukifika mwisho utajua sababu.

Tumekuja baharini. Baba ametimiza miaka sabini na tisa, nikamuuliza anataka nini, akasema hataki keki, hataki shati, anataka kuona bahari kutoka kwenye dirisha la chumba namba sita. Nikafunga saluni wiki moja, wateja wangu wakalalamika kana kwamba nimehama nchi, tukapanda basi alfajiri tukafika jua linazama, sisi watatu. Sikuamini kama nyumba yenyewe bado ipo. Ipo, mdogo wangu. Imepakwa rangi ya maziwa, imeongezwa ghorofa, lakini chumba chetu cha nyuma hawajakigusa.

Unaukumbuka ule mlango? Ile 6 aliyoichora Baba bado ipo, ule mkia wake umejikunja vile vile. Baba aliipitishia kidole akasema, "Hii ndiyo rangi. Siku hizi wanabandika karatasi." Akasimama pale mpaka nikamwambia tuingie, mizigo inanivunja mabega. Bomba bado linakohoa mara tatu kabla ya kutoa maji. Kitanda cha pembeni bado kina lile bonde tulilokuwa tunagombania, na mpwa wako amelinyakua bila kuambiwa. Dirisha bado halifungi mpaka ulipige ngumi chini kulia. Nililipiga, likafunga, nikakaa kitandani nikalia kidogo. Usimwambie mtu.

Nilipokuwa mdogo nilidhani watu wote hulipwa kwa usingizi. Baba anakuja na makopo yake ya rangi kabla ya msimu wa wageni, anafufua mabango yote ya nyumba hii, halafu mwenye nyumba anatupa chumba cha nyuma wiki nzima. Niliwahi kumwambia mwalimu darasani kwamba baba yangu analipwa wiki. Darasa zima lilivunjika mbavu.

Mama Funguo anakusalimu. Unamkumbuka? Wakati ule alikuwa msichana wa kufua mashuka, yule aliyekuwa anatuficha chini ya meza ya pasi tukicheza kibemasho. Sasa ndiye msimamizi wa nyumba nzima, ana funguo kiunoni za kutosha kufungua gereza. Aliponiona alisema, "Wewe ndiye uliyekuwa unalia ukioshwa nywele," na mimi ndiyo kazi ninayofanyia watu leo.

Siku ya kwanza tulikwenda kwenye ule ufuko mrefu, ule tulipokuzika mpaka shingoni ukasinzia, Mama akapiga kelele kwa kuona kichwa peke yake. Siku hizi kuna miavuli na viti vya kukodi, na kijana wa miavuli ana filimbi kama refa. Mchanga haujabadilika. Baba alivua viatu, akakunja suruali, akatembea ukingoni mwa maji huku amefunga mikono nyuma, kama mkaguzi aliyetumwa kukagua bahari. Mpwa wako alichimba shimo kwa kijiko cha chai. Nikakuona wewe kabisa, mgongo wazi, kijiko mkononi, unatafuta maji chini ya mchanga wakati bahari nzima iko mbele yako.

Kesho yake tukapanda mnara wa taa. Sasa hapa nina deni la kuomba radhi. Ulisema ngazi ni mia na kumi na moja, mimi nikasema mia na kumi na mbili, tukagombana mwaka mzima mpaka Mama akapiga marufuku hesabu mezani. Safari hii nimepanda na mpwa wako, tukihesabu kwa sauti huku nikihema. Ni mia na kumi na moja. Mimi nilikuwa nahesabu sakafu. Miaka yote hii nimetembea duniani kifua mbele na ngazi moja ya uongo.

Tulikwenda pia kwenye nyumba ya makombe ya baharini, ile ya mwalimu mstaafu aliyekuwa anasema "tazama kwa macho, si kwa vidole." Alishafariki. Binti yake ndiye anayekaa mlangoni, naye anasema maneno yale yale kwa sauti ile ile. Na ule ufuko mdogo wa mawe, wenye vidimbwi vya samaki wadogo, bado unautelemkia kwa kushika kamba. Baba hakuweza kushuka. Alikaa juu ametushikia ndala, nikakumbuka ndivyo alivyokuwa Mama baada ya ile siku. Yeye juu, ndala zetu mapajani, anatupungia.

Ndipo ikafika Alhamisi, na mpwa wako akakiona Kiti.

Mdogo wangu, nitakusimulia jambo unalolijua kuliko mimi. Nivumilie, maana nimegundua kwamba miaka yote hii tulilijua nusu.

Kiti kiko pale pale. Ule mwamba wenye mgongo na mikono, ambao maji yakitoka unaufikia kwa miguu, na maji yakijaa unabaki kisiwa. Sisi watu wa nchi kavu tulikuwa hatuyajui maji. Tulikuwa tunaujua ubao. Ule ubao wa Baba juu ya ngazi za ufukweni, RUDINI KABLA YA SAA, halafu msumari, na kila asubuhi mlinzi anatundika kibao kimoja chenye namba kati ya vile vibao kumi na viwili alivyovichora Baba. Wewe ulikuwa na miaka tisa na ndiyo kwanza unajivunia kusoma, kwa hiyo Baba alikutuma. Ulipanda mbio, ukarudi mbio, ukasema, "Kumi, Baba! Saa kumi!" Tukafurahi, maana saa kumi jioni ni mchana kutwa. Tukachukua mikate na machungwa, tukaenda Kiti.

Saa nne asubuhi ilipita kidogo tu, maji yakawa magotini. Mama alishasema tangu mapema kwamba maji ya leo yanaharakisha, Baba akamwambia ubao haukosei. Namkumbuka Baba anatubeba mmoja mmoja. Namkumbuka Mama anateleza kati ya mawe, goti linagonga, anapotea chini mara moja. Na jambo ambalo hakuna mtu nyumbani amewahi kulisema, nami nilikuwepo na macho yangu mawili: wewe ulishafika mchangani, ukageuka, ukarudi ndani ya maji yaliyokufika kifuani, ukamshika Mama mkono mpaka Baba akafika. Tulilisahau hilo. Tukakumbuka kumi.

Pale kwenye ngazi, mbele ya wageni na taulo zao, Baba alikupiga kofi. Ukasema, "Lakini imeandikwa kumi." Akakupiga la pili. Akapanda mwenyewe kutazama, akashuka akasema kibao kilichoning'inia ni cha nne, kwamba mtoto wake hajui hata kutofautisha nne na kumi. Sote tukaamini. Nani angemwambia mchora mabango kwamba hakusoma bango lake?

Kuanzia siku ile jina lako likawa Saa Kumi. Ukichelewa shule, Saa Kumi. Ukifaulu mtihani, hata Saa Kumi kafaulu. Wahenga walisema mzaha mzaha hutumbuka usaha, na mimi nilikuwa wa kwanza katika kuuchokoa. Miaka minne iliyopita ulisafiri siku mbili kuja kumzika mama yako, hujaweka begi chini, Baba Mdogo akapaza sauti mbele ya waombolezaji: "Huyo Saa Kumi, leo kawahi!" Watu wakacheka. Mimi nilicheka. Nilikuona ukiinama kufungua kamba za viatu, na ulichukua muda mrefu kuzifungua. Kesho yake uliondoka, na tangu hapo Baba hajaisikia sauti yako.

Sasa sikiliza.

Ijumaa asubuhi nilimfuata Mama Funguo kwenye chumba cha mashuka kuomba taulo. Mashuka yake yamepangwa juu ya ubao mmoja mpana, kaulaza juu ya matofali na kautandikia kitambaa. Mpwa wako, mdomo mrefu na mkono mrefu, akachungulia kwa chini akasema, "Mama, huu ubao una maneno tumboni." Mama Funguo akacheka, akamwambia huo ni ubao wa zamani wa Babu yako, nimeutumia tangu ulipotupwa. Tukaondoa mashuka, tukaugeuza.

RUDINI KABLA YA SAA. Zile R za Baba zenye mguu uliorushwa nje, kana kwamba zinapiga mpira. Lile tundu la msumari. Na chini ya tundu, mdogo wangu, kulikuwa na mistari miwili ya penseli iliyopigwa kwa rula, na ndani ya mistari herufi za penseli, zimechorwa tu, hazijatiwa rangi hata moja: KWA SAA ZA KIZUNGU.

Nilisimama pale na taulo begani kama kigingi. Nikamuuliza Mama Funguo. Akasema bila kujua anasema nini: mwaka ule alikuja meneja mgeni, wageni wake walikuwa wanachanganyikiwa na saa zetu, akaamuru namba zitundikwe kwa saa za kizungu na Baba aongeze maneno chini. Akasema siku mbili baada ya ile ajali Baba aliung'oa ubao mwenyewe, akasema mbao imepasuka, akachora mwingine. "Nami nikautazama," akasema, "mbona haujapasuka? Nikaubeba."

Kumi ya kizungu, yaani saa nne asubuhi. Kibao kilichoning'inia kilikuwa cha kumi. Ulisoma ulichokiona.

Sikumwambia mtu mpaka baada ya chakula cha mchana. Baba alikuwa barazani, anamenya chungwa kwa ile mikono inayotetemeka. Nikauleta ubao nikauegemeza ukutani mbele yake, nikakaa. Aliutazama. Chungwa likaanguka, hakuliokota.

"Nilichora penseli jioni," akasema. "Nikasema nitatia rangi kesho, ngoja nikakae na wanangu. Asubuhi mtoto akaniambia kumi, nami nikasikia kumi yetu. Nilikumbuka maji yaliponifika magotini."

Nikamwambia, "Sasa kofi lilikuwa la nini, Baba?"

Akafuta mikono kwenye suruali. Akasema, "Kila mtu alikuwa ananitazama mimi."

Nikauliza kama Mama alijua. Akasema alimwambia Mama mwaka wa mwisho wa uhai wake, na Mama alimjibu kwamba wa kuambiwa si yeye. Alikupigia simu siku hiyo hiyo, uliipokea, mkazungumza habari za mvua, akashindwa. Nilikasirika, nisikufiche. Niliondoka nikatembea ufuko mzima mpaka kwa kijana wa filimbi na kurudi, nikimsema Baba kwa sauti, watu wakinipisha njia. Halafu nikakumbuka kwamba yeye alidanganya mara moja, lakini kucheka nimecheka mimi miaka thelathini na saba. Nikarudi polepole.

Niliporudi nilimkuta anabishana na Mama Funguo. Alikuwa anataka vile vibao vya namba. Vilibaki vitano tu, wanavitumia kuzuia milango isipigwe na upepo, na cha kumi kilikuwa chini ya mlango wa jiko. Akakichukua. Akanituma dukani nimletee rangi nyeusi na brashi nyembamba, nikataka kumwambia aende mwenyewe, nikaenda.

Jana amekaa kutwa nzima barazani na kile kibao. Alikigeuza, akapiga mistari kwa rula nyuma yake. Mkono ukawa hautulii, basi mpwa wako akamshikia kiwiko, wakafanya kazi watu wawili kwa brashi moja. Herufi zimeyumba, R haina ule mguu wa zamani, lakini ni mkono wake. Ndicho hicho kilichofanya bahasha hii iwe nzito. Mbele ni ile kumi yenyewe uliyoisoma. Nyuma utaona ameandika: MWANANGU, ULISOMA SAWASAWA.

Na chini ya hapo utaona mistari mingine miwili, na neno moja la penseli tupu: NISAMEHE. Nikamwambia Baba, hili hujalimaliza, rangi bado ipo. Unajua alivyokuwa akituambia zamani, penseli si neno, neno ni rangi. Akafuta brashi, akasema hilo moja hawezi kulitia rangi wakati wewe hupo. Akasema neno kama hilo halitumwi kwa posta.

Kwa hiyo mdogo wangu, usikifute, na usikipoteze. Kirudishe. Mama Funguo ametuwekea chumba hiki hiki kuanzia tarehe kumi na nane Desemba, na kingine cha pembeni kwa ajili ya wewe na wifi na watoto. Sikulazimishi. Ukisema huwezi nitakuelewa, nitakusuka kwa maneno siku nyingine. Lakini miaka sabini na tisa si mchezo, na mkono ule leo unahitaji mtu mmoja wa kuushikilia, mwakani sijui utahitaji wangapi.

Nisalimie sana wifi, mwambie kitambaa chake nimekishona na nitampa mwenyewe mkononi. Wabusu wanangu, waambie shangazi yao anajua kumzika mtu mpaka shingoni bila kumuumiza. Mpwa wako anakusalimu, anauliza kama ni kweli mjomba wake aliingia baharini kumwokoa Bibi. Nimemwambia ni kweli. Mama Funguo naye anasema meza ya pasi bado ipo, sema hutaingia chini yake. Baba Mdogo nimempigia simu jana nikamwambia jina lako, lile ulilopewa na Mama, nikamfanya alirudie mara mbili. Kwenye simu yangu pia nimelibadilisha. Mungu akulinde huko kwenye baridi, na akufungulie njia ya kuja.

Neno la mwisho. Nimetazama kalenda ya maji ya Mama Funguo. Tarehe ishirini Desemba, Kiti kitafikika kwa miguu, na maji yatakuwa yamekupwa kabisa saa kumi. Nimemuuliza mara tatu. Saa kumi jioni, saa zetu.

Wako akupendaye, ambaye alipaswa kusema siku ile pale kwenye ngazi,

Dada yako.